Mchongaji Naye Apewe Kipaza Sauti

Leo nimekuja na habari ya vinyago vya Kimakonde, na ninalo jambo moja tu la kukuambia: kinyago kikiwekwa kwenye maonyesho bila ya aliyekichonga kuzungumza, waliokuja kutazama wanarudi nyumbani na nusu ya somo. Tukimpa mchongaji kiti na kipaza sauti, ukumbi ule ule unageuka darasa la mtaa mzima.

Wewe unayenisikiliza Dar es Salaam hukosi pa kuona vinyago. Viko Mwenge kwa wachongaji, viko Makumbusho ya Taifa pale Posta, na mara kwa mara vinaonyeshwa katika vituo vya sanaa kama Nafasi, Mikocheni. Maonyesho yanapofunguliwa, shughuli huenda kwa utaratibu tunaoujua sote. Mgeni rasmi anakaribishwa, utepe unakatwa, hotuba zinasomwa, picha zinapigwa. Mchongaji amesimama pembeni na shati lake la sikukuu, anaitwa kupeana mkono na mgeni rasmi, kisha anarudi alikokuwa. Watu wanazunguka meza, wanauliza bei, wanatoka. Na kama pana karatasi ya maelezo, mara nyingi imeandikwa Kiingereza: jina la kabila, jina la nchi, basi. Jina la mtu halimo.

Sasa nikueleze tunachokikosa. Nianze na mti wenyewe.

Chukua kipande cha mpingo, kile cheusi cha katikati, ukitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kinazama. Miti mingi tunayoijua huelea, lakini kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji. Fundi anapoletewa gogo, kwa nje halionyeshi weusi wowote. Sehemu ya juu ni ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na manjano, na nyembamba. Anaanza kuipara kwa tezo, na weusi unajitokeza kidogo kidogo kwa chini. Wengine huacha ukanda wa ile sehemu nyeupe kwa makusudi, ukawa kama shuka begani mwa sanamu. Baada ya tezo inakuja patasi na nyundo, halafu tupa, halafu msasa, tena msasa laini, mpaka uso wa sanamu unang'aa wenyewe. Mpingo wa kweli hauhitaji kupakwa weusi. Ukinunua kinyago kikakuachia rangi mkononi, ujue umeuziwa mti mwingine uliosuguliwa dawa ya viatu.

Mambo haya fundi anaweza kuyaeleza kwa robo saa, na mtoto wa darasa la sita akayashika maisha yake yote. Akitoka hapo ataelewa pia kwa nini mpingo ni mali. Mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa. Maana yake ni kwamba gogo lililoko mbele ya fundi leo liliota enzi za Mwingereza, na pengine za Mjerumani. Na fundi hagombei gogo hilo na mafundi wenzake tu. Zumari za Ulaya, klarineti na oboe, hutengenezwa kwa mpingo wetu huu huu. Ndiyo maana habari ya vijiji vya Kilwa ina uzito. Mwaka 2009 baadhi ya vijiji hivyo vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanavijiji kupata cheti hicho. Mchongaji analijua jambo hili kwa bei ya gogo inavyopanda na kwa umbali anaoufuata mti. Akilisema yeye, somo la mazingira linaacha kuwa maneno ya ubaoni.

Tuje kwenye historia. Unaijua ile sanamu ndefu ya watu waliopandana, mmoja juu ya mwenzake, mabega na magoti yameshikana, chini mzee, katikati mama na mtoto, juu kabisa kichwa cha mmoja anayetazama mbali. Tunaiita ujamaa. Isogelee uitazame vizuri. Hakuna kiungio wala gundi. Watu wote wale wametoka katika gogo moja, na baina ya mwili na mwili fundi amepitisha patasi mpaka mwanga unapenya. Wengi wetu tunadhani sanamu hii ilizaliwa baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967. Chimbuko lake ni la nyuma zaidi. Mtindo huo unahusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, aliyevuka kutoka Msumbiji kuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwanza ulikuwa unaonyesha mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake, na wenyewe waliuita dimoongo. Siasa ya Ujamaa ilipokuja, ikakuta sanamu imeshachongwa, ikaipa jina.

Hebu fikiri darasa la historia ambamo mwanafunzi anasikia hayo huku anaigusa sanamu kwa mkono wake. Atauliza: kwa nini Roberto Yakobo alivuka Mto Ruvuma? Hapo inafunguka habari ya Wamakonde wa Msumbiji waliokimbia kazi za kulazimishwa na kodi za Mreno, wakaja kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika. Inakuja na habari ya Mueda, huko Msumbiji, ambako tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokuwa wamekusanyika. Wengi wa waliokuja walikuwa na tezo mfukoni na ujuzi mkononi. Dar es Salaam wakakutana na wanunuzi, miongoni mwao mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyewanunulia kazi na kuwahimiza wachonge vitu vipya. Kwa hiyo historia ya mipaka, ya vibarua, ya ukombozi na ya biashara ya mjini imo ndani ya gogo moja. Lakini haijitokezi yenyewe. Inahitaji mtu wa kuieleza, na mtu huyo yupo, tena mara nyingi anakaa dakika chache kutoka ukumbi wa maonyesho.

Msikilizaji, wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Sisi tusiochonga, vinatutisha. Nimewasikia wazazi wakiwakataza watoto kuingia kwenye banda la vinyago, wakisema mle mna mashetani. Na kweli, mtindo mmoja mkubwa wa Kimakonde unaitwa shetani: jicho moja kubwa, sikio linaloburuta chini, miguu iliyopinda kinyumenyume, tumbo lenye tundu. Ukikutana nao kwa mara ya kwanza bila maelezo, unaweza kurudi nyuma.

Lakini sikiliza mtindo huo ulivyoanza. Ilikuwa mwaka 1959, na fundi ni Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba alikuwa anachonga sanamu ya mtu wa kawaida, ikamharibikia, mkono ukavunjika. Badala ya kuitupa, aliikumbuka Nandenga, pepo wa porini anayesimuliwa katika hadithi za kwao, akaiendeleza sanamu ile kwa sura hiyo. Peera akaipenda, wanunuzi wakaipenda, na mafundi wengine wakafuata, kila mmoja akatoa mapepo yake. Wapo wa mtoni, wapo wa kichakani, wapo wanaowachezea watu shere njiani usiku. Ni viumbe wa hadithi za bibi na babu, sawa na zimwi wa hadithi zetu za pwani. Fundi anayewachonga hawaabudu. Anawasimulia kwa patasi. Mzazi akiyasikia haya kutoka kinywani mwa fundi mwenyewe, akamwona ni mzee wa watu anayekwenda msikitini au kanisani kama yeye, hofu inapungua. Hakuna bango la ukutani litakalofanya kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu hulijua kwa kuambiwa tu. Vinyago hivi vya mpingo, kwa sehemu kubwa, vimechongwa kwa ajili ya wageni na wanunuzi. Vile ambavyo Wamakonde walivichonga kwa ajili yao wenyewe, kwa unyago na jando, vilitengenezwa kwa mti mwepesi. Lipiko, barakoa ya Wamakonde wa Msumbiji, huvaliwa kama kofia inayofunika kichwa kizima. Mchezaji anaiinamisha nyuma, na anaona njia kupitia kwenye mdomo wa barakoa, si kwenye macho. Ingekuwa ya mpingo, shingo isingestahimili. Usoni utaona chale, na juu ya mdomo utaona ndona, kile kipambo cha mdomo wa juu walichovaa akina mama wa zamani. Juu ya barakoa nyingine walibandika nywele halisi za binadamu. Na hawakuchonga wazee na mabinti tu. Walichonga Mreno, walichonga mfanyabiashara wa Kihindi, wakawacheza uwanjani mbele ya kijiji kizima. Mkoloni alikuwa anatazama ngoma, kumbe ngoma nayo inamtazama.

Hapa utaniuliza: mambo ya jando si siri? Yanafaa kutangazwa ukumbini, wanawake na watoto wakiwepo? Swali hili ni zito, na ndilo linalonifanya niseme kwa mkazo kwamba mwenye kuzungumza awe mwenye sanaa. Zamani ilikuwa mwiko kwa wanawake na watoto kujua ni nani aliye ndani ya lipiko. Waliambiwa ni mzimu umefufuka. Kijana aliijua siri alipoingia jandoni. Leo mapiko, ndio wingi wa lipiko, yanachezwa hadharani kwenye sherehe, na Msumbiji wapo hata wanawake wanaoyacheza. Lakini yapo mambo ambayo wazee bado wameyafunga. Msomi kutoka nje, au mtangazaji kama mimi, anaweza kuyafungua kwa kutokujua, akawavunjia watu heshima. Mzee wa Kimakonde akikaa mbele ya watu, yeye ndiye anayejua hili ni la kusema na lile ni la kunyamazia. Na akisema, "Hapo, wajukuu zangu, tuishie," watoto wamejifunza jambo kubwa: kwamba elimu ina wenyewe, na kwamba heshima ni pamoja na kukubali kutoambiwa.

Wengine wataona mazungumzo ya namna hii ni anasa, kazi ya makumbusho ni kuhifadhi tu. Nami niwakumbushe kisa cha barakoa moja. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalivunjwa, na vitu vikaibwa, ikiwemo barakoa ya Kimakonde. Mwaka uliofuata, 1985, barakoa hiyo ilinunuliwa Paris, ikaingia katika mkusanyiko wa makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtafiti kutoka Italia akawajulisha wenye makumbusho hayo kwamba kitu walicho nacho kimeibwa Tanzania. Mazungumzo yakavutwa miaka na miaka, na barakoa ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 2010. Miaka 26 tangu iibwe.

Ninakihesabu kisa hiki kama ushindi, na wote walioshughulika wanastahili shukrani. Lakini tukitafakari vizuri tutaona barakoa ilirudi kwa sababu palikuwa na mtu aliyeijua. Ni vingapi vilivyoondoka ambavyo hakuna aliyevijua kwa sura, kwa fundi wake, kwa kijiji chake? Jamii iliyosikia habari za vitu vyake, iliyovitazama kwa karibu na kuuliza maswali, ndiyo inayoweza kusema siku moja, "Hiki ni chetu, na huyu ndiye aliyekichonga." Kufuli linalinda mlango. Kinacholinda urithi wenyewe ni watu wanaoufahamu.

Na ufahamu huo una faida kwa maisha ya watu, usione ni mambo ya kabatini. Jirani zetu Kenya wanao Wamakonde ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya pwani, wakabaki huko. Kwa miongo mingi waliishi bila vitambulisho, hawatambuliwi kuwa raia, ingawa uchongaji wao ulijulikana. Mwaka 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia wao. Mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Fikiria ni miaka mingapi watalii na wenyeji walivipenda vinyago vyao, na hawakuuliza aliyevichonga ni nani na anaishi vipi. Wangeuliza mapema, wangeijua shida yake mapema.

Msikilizaji, sitaki ubaki na fikra kwamba hakuna lifanyikalo. Makumbusho ya Kijiji, pale Kijitonyama, tangu miaka ya 1990 yamekuwa na siku ambazo watu wa kabila fulani wanakuja wenyewe, na chakula chao, ngoma zao, kazi zao za mikono na wazee wao, wakazieleza. Mtwara kuna tamasha la MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambalo huwaleta uwanjani wachezaji na mafundi wa vijijini. Nafasi wanawaketisha wasanii wazungumze juu ya kazi zao, na vijana wanauliza. Ninachokiomba ni kwamba hili lisiwe tukio la nadra. Liwe sehemu ya kila maonyesho, kama utepe ulivyo sehemu ya kila ufunguzi.

Nimeshawahi kuambiwa kwamba mafundi wetu hawajui kuzungumza mbele ya watu. Sikubaliani nalo hata kidogo. Nenda Mwenge mchana ukae kwenye benchi karibu na fundi anayepiga msasa. Atakueleza gogo limetoka wapi, litapasuka upande gani, nani alimfundisha, na kwa nini sikio la sanamu hii ameliacha refu. Kinachomnyamazisha ukumbini ni mpangilio tunaouweka sisi: jukwaa la juu, dakika tano baada ya hotuba ndefu, maswali kwa Kiingereza. Mweke chini, kati ya watu, kazi yake mikononi, aulizwe kwa Kiswahili, na kama ni mzee asiyekizoea Kiswahili, aseme Kimakonde na mjukuu wake atafsiri. Utamsikia.

Basi niwaombe walioshika mambo haya, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ninyi mnaoandaa maonyesho, kila karatasi ya maelezo iwe na jina la fundi, mahali alipozaliwa, mtu aliyemfundisha, na mti alioutumia. Iandikwe Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate. Tengeni saa nzima ya mazungumzo, na ratiba ikibana, hotuba zetu ndizo zipunguzwe. Fundi alipwe kwa saa hiyo kama anavyolipwa mtoa mada katika semina, maana naye anatoa mada. Nauli yake isiwe hisani. Na kabla hajaanza, aulizwe yapi yarekodiwe na yapi yasirekodiwe.

Ninyi walimu, mnapowaleta wanafunzi, msiwapitishe mbio kutoka meza hadi meza wakinakili vibandiko. Chagueni kazi moja au mbili, muwape watoto maswali ya kwenda kumuuliza aliyeifanya. Mwalimu wa sayansi aulizie mti, wa historia aulizie safari ya fundi, wa hesabu aulizie bei inavyogawanywa baina ya mwenye gogo, mchongaji, mwenye duka na dalali. Hilo la mwisho litawafundisha vijana uchumi kuliko kurasa nyingi za kitabu.

Nanyi wazazi, waleteni watoto, hasa ninyi mliokuwa mnaviogopa vinyago. Njooni muulize maswali yenu ya dini na ya mila waziwazi, kwa adabu, mbele ya fundi. Hilo ni sehemu ya somo, na ninaamini atalijibu.

Nasi wa redio hatuko mikono mitupu. Tuna vinasa sauti, na tuna wazee waliovuka Ruvuma wakiwa vijana au waliolelewa na waliovuka, ambao bado wako nasi. Roberto Yakobo na Samaki Likankoa tunawataja leo kwa sababu wapo waliokaa nao wakawauliza, wakaandika. Wenzao wengi, mafundi wakubwa ambao kazi zao ziko kwenye makabati ya Ulaya na Marekani, hawakuulizwa, na majina yao hayamo popote. Waliopo sasa wasipite hivyo hivyo.

Kwa hiyo nakupa kazi ya wiki hii. Ukipita penye maonyesho au penye banda la vinyago, kabla hujauliza "Bei gani?", uliza "Nani amechonga hiki, na naweza kuzungumza naye?" Ukiambiwa yupo, kaa naye, umsikilize. Ukiambiwa hayupo, waombe wenye ukumbi wamwite siku nyingine, na wewe uahidi kurudi na jirani yako. Wakiulizwa hivyo na watu wengi, watamwita.